Mwanya Kwenye Mlolongo

Siku hizo, kabla jimbo la mjini halijakatwa vipande viwili na jina lake la zamani kubaki midomoni mwa wazee tu, mbunge wetu alipatikana kwa miguu. Kwenye mchujo hapakuwa na karatasi wala sanduku. Chama kilikuwa kimoja. Aliyetaka kiti alimweka wakala wake uwanjani, wakala akainua picha juu, na watu wakajipanga nyuma ya picha hiyo mchana kweupe. Mwajiri akiona, mwenye nyumba akiona, jirani uliyekosana naye juu ya kuku akiona. Walioubuni mpango huo walisema ni wa uwazi, na hapo hawakudanganya hata kidogo.

Ilikuwa Februari 1988, wiki ya mchujo, Wakoli alipoingia dukani kwa Hemant bila kubisha. Wakoli alikuwa mkuu wa vijana wa chama, na ndiye aliyempigia debe Mheshimiwa aliyekuwa akitetea kiti chake dhidi ya mpinzani ambaye mji mzima ulimwita Mwalimu. Duka la Hemant liliuza nyavu, nyuzi, maboya na kamba kwa wavuvi wa pwani yote ile ya ziwa hadi Asembo Bay. Wakoli alisimama katikati ya marobota, akagusa hiki na kile, kama mtu anayechagua bila nia ya kununua.

"Hemant, rafiki yangu, hawa wafanyakazi wako nataka kuwaona wote kwa laini ya Mheshimiwa," alisema. "Na si wao peke yao. Kila mtu na watu wa nyumba yake. Mtu akikuja peke yake, mimi nitajua bibi ameenda kwa Mwalimu."

"Watakuja, Bwana Wakoli. Wote watakuja," Hemant alisema, akacheka ingawa hakuna aliyefanya mzaha. Kibali chake cha kuagiza nyavu kutoka ng'ambo kilikuwa kimelala kwenye ofisi fulani Nairobi kikingoja sahihi, na Mheshimiwa alikuwa ameahidi kukiamsha.

Wakoli akamgeukia Zadock Oketch, aliyekuwa ameketi sakafuni, miguu ameinyoosha, akiufunga wavu kwenye kamba yake ya juu. "Na wewe Oketch. Naskia ulionekana sokoni ukisalimia Mwalimu."

"Alinifundisha darasa la saba. Nikimpita bila kumsalimia nitakuwa mtu wa aina gani?"

"Utakuwa mtu wa laini ya Mheshimiwa."

Wafanyakazi wengine wakacheka. Zadock naye akacheka, ila alichelewa kidogo, na Wakoli alikuwa mtu wa kuona vitu kama hivyo.

Ukweli ni kwamba kama pangekuwa na sanduku, Zadock angempa Mwalimu kura yake na kurudi kazini akipiga mluzi. Lakini sanduku halikuwapo, na Zadock alikuwa na nyumba ya kufikiria. Miaka miwili tu ilikuwa imepita tangu alipoitoa familia yake Obunga, kwenye chumba kilichoingiza maji kila mvua iliponyesha, akaileta Migosi. Kodi ililipwa na Hemant kama sehemu ya mshahara. Kulikuwa na mfereji uani, na Lornah, binti yao, alikuwa ameacha kukohoa usiku. Kazi ikienda, nyumba inaenda nayo. Hilo lilikuwa wazi kuliko siasa yoyote.

*

Jioni hiyo alimkuta mkewe, Beldina, akimsuka Lornah nywele mlangoni.

"Wanataka watu wa nyumba nzima," Zadock alisema akivua viatu.

"Nyumba nzima gani? Ni mimi na wewe. Huyu ni mtoto."

"Basi tutaenda wawili."

"Wawili ni kidogo, Baba Lornah. Na wewe tayari wanakushuku."

"Wawili wanatosha," alisema Zadock, akaenda uani kuoga. Kwake maneno yalikuwa yameisha. Kwa Beldina yalikuwa ndiyo kwanza yanaanza.

Alikuwa akimfikiria mamake. Awuor, mjane, alikuwa ametoka Asembo baada ya mavuno na kuja kukaa kwa mwanawe Tom kule Obunga, akiuza omena, dagaa aliyoletewa kutoka ziwani. Kadi yake ya chama ilikuwa ya Asembo, na mtu wa Asembo hakuwa na ruhusa ya kusimama kwenye mlolongo wa mjini. Lakini Beldina alijiuliza, nani atamwitisha mama mzee kadi? Tena hakuwa anamwibia mtu. Alitaka tu Wakoli aone kwamba nyumba ya Oketch imejaa nyuma ya Mheshimiwa, ili mumewe aachwe afanye kazi yake kwa amani.

Hakumwambia Zadock. Alijua angekataa, na alijua kwa nini.

Kwa watu wa huko, mwanamume na mama mkwe wake huheshimiana kwa umbali. Hawapeani mikono. Hawali mmoja akimwona mwenzake. Mama mkwe atalala kokote, hata kanisani, kuliko kulala nyumbani kwa mkwewe, na mwili wa huyu haugusi mwili wa yule hata kwa bahati mbaya. Tangu Zadock amuoe Beldina, kila alipomwona Awuor njiani alitoka pembeni akampisha, na Awuor naye alijivutia lesso usoni na kugeukia ua, kana kwamba ghafla ameona kitu cha maana kwenye majani. Wala haikuwa chuki. Hakuna mtu Obunga nzima aliyesifiwa na Awuor kuliko mkwe wake.

Beldina alikuwa ameyafikiria hayo yote. Kwenye mikutano ya chama wanawake hupangwa mbele, wanaume nyuma. Mama atakuwa mbele, Zadock atakuwa mbali huko nyuma na wenzake wa dukani, kila mmoja atahesabiwa na kwenda zake. Ulikuwa mpango mzuri, na mambo mengi ya Beldina yaliharibikia kwenye mipango mizuri.

*

Uwanja wa shule ulijaa kabla jua halijawa kali. Upande mmoja wakala wa Mheshimiwa alikuwa amesimama juu ya dawati, picha mikononi. Upande wa pili alisimama wakala wa Mwalimu, hana dawati, ila ni mrefu. Watu walifika, wakasimama katikati kwanza kama wanaotafuta mtu, wakatazama nani anawatazama, kisha wakaenda. Mama mmoja muuza ndizi alikwenda kwa Mwalimu, akamwona mwenye kibanda chake upande wa pili, akarudi njia nzima huku akijichekea. Watu walimzomea. Hakuna aliyemzomea aliyekuwa na kibanda.

Wakoli alikuwa kila mahali. Wanawake aliwapanga mbele, wanaume akawapanga kando ya ua wangoje kuunganishwa. Zadock alipokuwa akielekea nyuma na wenzake wa dukani, Wakoli alimshika mkono.

"Wewe simama hapa. Mbele ya wanaume wote. Nataka nikuone."

"Bibi yangu hajafika, nilikuwa namngoja."

"Atafika. Simama."

Zadock akasimama. Beldina alifika amechelewa, anahema, amemshika mamake mkono tangu Obunga. Wakaingia mwisho wa laini ya wanawake, Beldina akitangulia na Awuor nyuma yake, kwa sababu ndivyo walivyokuwa wakitembea. Zadock alikuwa upande wa ua na kichwa cha mtu mnene mbele ya macho yake. Hakuwaona.

Kipenga kikalia. "Wanaume, unganeni!" Wakoli akapaza sauti. "Kazeni! Sitaki mwanya! Kila mtu ashike bega ya yule wa mbele!"

Amri hiyo ilikuwa na sababu yake. Mwanya ukiachwa, watu wa pili husema laini imekatika, na wanaobaki nyuma hawahesabiwi. Wanaume wakasogea wakisukumana, na Zadock, kwa kuwa ndiye wa kwanza, akasukumwa nao mpaka nyuma ya mama mmoja mwenye lesso ya rangi ya kahawa. Akainua mikono. Kisha akaiona shingo, na kitambaa cha kichwa alichokinunua mwenyewe Krismasi iliyopita na kumpa Beldina ampelekee mamake.

Mikono ikabaki hewani.

Alijaribu kurudi nyuma, lakini nyuma kulikuwa na mlolongo mzima wa Migosi unaosukuma. "Omera, ndugu yangu, pita mbele yangu," alimnong'oneza aliye nyuma yake. "Tafadhali."

"Nipite niende wapi? Wameshaanza kuhesabu. Shika huyo mama, bwana, tutoke kwa hii jua."

Awuor alikuwa amesikia ile sauti. Hakugeuka. Alivuta lesso juu ya kichwa, akakunja mabega kama anayeona baridi, akawa mdogo kuliko alivyokuwa. Beldina ndiye aliyegeuka. Aliona nani amesimama nyuma ya nani. Akamvuta mamake ili wabadilishane nafasi, naye awe katikati, na hapo ndipo Wakoli alipowaona.

"Nani anahamahama hapo? Nimesema kipenga ikilia hakuna kuhama! Oketch, mbona hushiki? Hii mwanya ni ya nani?"

Alikuja kwa hatua ndefu, vijana wawili nyuma yake. Wote waliokuwa karibu waligeuza vichwa. Wakoli akamtazama Zadock, akatazama ile nafasi, kisha macho yake yakamwendea mzee aliyejifunika lesso.

"Na huyu mama ni wa wapi? Sijawahi kumwona hapa. Mama, hebu toa kadi nione."

Mkono wa Awuor uliingia polepole kifuani, mahali alipofunga kadi ya Asembo kwenye leso.

Zadock akatoka kwenye laini.

Alitoka tu. Alipiga hatua kuelekea katikati ya uwanja, mahali pasipokuwa na mtu, akaendelea kutembea. Wakoli alimsahau yule mama papo hapo.

"Oketch! Oketch, unaenda wapi?"

Upande wa pili ulikuwa umeshaona. Ulilipuka kwa shangwe. "Oketch ametoka! Oketch, karibu nyumbani! Njoo!" Wanawake wa laini ya Mwalimu walipiga vigelegele, vijana wakaanza kuimba jina lake. Zadock hakuenda kwao. Alisimama katikati ya uwanja huku jua likimpiga, laini moja ikimzomea na nyingine ikimsifu, akihisi uso wake unawaka kwa aibu ambayo hakujua aipeleke wapi. Kisha akapita langoni, akaenda nyumbani.

Pale uwanjani Mheshimiwa alishinda kwa mbali. Angeshinda hata kama Zadock angekuwa na ndugu kumi wa kupeleka kwa Mwalimu.

*

Asubuhi yake Hemant alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha juu, Wakoli kwenye robota la nyavu. Wenzake Zadock walikuwa wamepata kazi nyingi ghafla huko nyuma ya duka.

"Mimi nataka kusikia tu," Wakoli alisema, sauti yake ya upole. "Jana mimi niliaibika. Mheshimiwa ameuliza, huyo aliyetoka ni wa nani, ikabidi niseme ni wa rafiki yetu Hemant. Sasa sema. Kwa nini ulitoka?"

Zadock alikuwa na jibu. Lilikuwa jibu ambalo Wakoli, mwenyewe akiwa na mama mkwe huko kwao upande wa Bungoma, angelielewa kabla halijaisha. Lakini baada ya kulielewa angeuliza, mama mkwe wako anatoka wapi? Na baada ya Asembo kutajwa, angetumwa kijana Obunga amlete. Na aliyemleta mtu wa nje kwenye mlolongo ni nani? Ni Beldina.

"Nilisikia vibaya," Zadock alisema. "Jua."

"Jua." Wakoli alimgeukia Hemant. "Unaskia? Jua ilimwambia atoke Mheshimiwa akihesabiwa."

"Oketch," Hemant alisema, akawa kama anayeomba. "Wewe umekaa na mimi miaka mingi. Wavuvi wanakuja hapa wanauliza wewe, hawaulizi mimi. Kama ni kitu ya nyumbani, sema. Kama Mwalimu alikupa kitu, sema pia, tutaomba msamaha, itakwisha."

"Mwalimu hakunipa kitu, Bosi."

"Basi ni nini?"

"Ni jua."

Hemant akatazama meza. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye duka, kibali chake kiko Nairobi, na babu yake alizikwa, baba yake akazaliwa, na yeye mwenyewe akasoma katika mji ambao bado watu walimwuliza atarudi kwao lini. Aliogopa kama Zadock alivyoogopa. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na mtu wa kumtupa majini kwanza.

"Acha koti ya kazi," alisema. "Na ufunguo wa stoo. Nyumba kaa mpaka mwisho wa mwezi." Kisha, Zadock alipokuwa akielekea mlango mkubwa, akaongeza kwa sauti ndogo, "Pita nyuma, Oketch. Hapo mbele watu wanaona."

Kwa hiyo mtu aliyekuwa akifungua duka kila asubuhi alitokea mlango wa takataka, na shati lake lilikuwa limeraruka kwapani, jambo ambalo koti lilikuwa likimfichia.

Jioni watu wa Mwalimu walikuja Migosi na sukari, wakamwita shujaa. Mmoja alimshika mkono na kuutikisa muda mrefu. "Mtu kama wewe ndiye tunataka. Umelipa, lakini umesimama." Zadock alisema asante. Hakuweza kuwaambia kwamba hakusimama popote. Hilo lilimuuma kuliko maneno ya Wakoli, kusifiwa kwa kumpenda Mwalimu, moyo ambao alikuwa ameuficha siku zote. Walipoondoka alimwambia Beldina asiifungue ile sukari, na kesho yake ikarudishwa.

*

"Ni mimi," Beldina alisema. Ilikuwa mchana wa siku ile ya kufukuzwa, kabla watu wa sukari hawajaja, naye alikuwa amelia mpaka akachoka. "Ni mimi niliyemleta. Acha niende kwa Wakoli nimwambie."

"Umwambie nini? Umpe mama yako mkononi?"

"Atanielewa."

"Ataelewa, halafu ataandika jina. Kaa chini, Mama Lornah." Hakuwa na hasira naye. Alitaka kuwa nayo, akaitafuta, akamkuta tu mwanamke aliyetaka nyumba yake iwe salama. "Ungeniambia lakini," alisema. "Hilo tu. Ungeniambia."

Siku hiyo hiyo, jua likiwa bado juu, Awuor alikuja. Hakuingia. Alisimama nje ya mlango, upande wa ukuta, mahali ambapo mtu aliye ndani hamwoni, na mfuko wa omena miguuni. Zadock alikuwa ndani, amekaa nyuma ya mlango huohuo, na ukuta mwembamba kati yao. Beldina alisimama kizingitini. Ndivyo walivyozungumza, kwa Dholuo, mkwe na mama mkwe, wakisikiana kila pumzi, na kila neno likipitia kwa Beldina.

"Nyathina, mwanangu," Awuor alisema, "mwambie Baba Lornah kwamba kesho naenda kwa chifu. Nitasema nilikuja mwenyewe na kadi ya Asembo. Nitasema yeye hana kosa."

"Mama anasema kesho anaenda kwa chifu," Beldina alisema, akitazama ndani.

"Mwambie mama asiende."

"Anasema usiende."

"Mwambie mimi ni mzee. Wakinifunga, watanilisha wao."

"Anasema ni mzee, wakimfunga watamlisha."

"Mwambie jela haina omena."

Beldina alirudia, na kwa nje kikasikika kicheko kifupi, cha mtu ambaye hakutarajia kucheka siku hiyo. Jirani alikuwa akichota maji mferejini, na ndoo yake ilijaa ikamwagika.

"Mwambie," Zadock alisema, na hapo sauti yake ilibadilika, "mwambie jana sikumkimbia. Watu wanaweza kufikiri nilimkimbia. Mwambie sikuona haya kuwa nyuma yake. Nilishindwa tu kumwekea mkono."

Beldina alianza kurudia. Hakuna aliyemhitaji arudie, wote wawili walikuwa wameshasikia, lakini alirudia yote mpaka mwisho, kwa sababu ndivyo ilivyopasa, machozi yakimtiririka mpaka shingoni.

"Mwambie najua," Awuor alisema. "Nilisikia miguu yake ikirudi nyuma. Nikasema, huyu wangu nilimzaa wapi."

Akauacha mfuko wa omena mlangoni, akaenda zake Obunga. Kwa chifu hakwenda. Alikuwa ameombwa na mkwe wake, na hilo lilikuwa jambo ambalo hangeweza kulikataa.

Mwisho wa mwezi walirudi Obunga pia. Zadock alitafuta chumba upande wa mbali kabisa na kwa Tom, ingawa karibu na kwa Tom vyumba vilikuwa bora, ili yeye na Awuor wasiwe wakikutana kwenye njia ya choo. Mvua ilipokuja, chumba kiliingiza maji. Lornah alianza tena kukohoa. Zadock alikuwa akikaa kando ya barabara akishona nyavu mbovu za wavuvi waliomfuata, wengine wakilipa kwa samaki. Hemant alipopita na gari lake alikuwa akipunguza mwendo, halafu anaongeza. Kibali, watu walisema, hakikuwahi kutoka.

*

Desemba 1992 vyama vilikuwa vingi, na kura ilikuwa ya siri. Watu wa jimbo la mjini waliamka kabla ya jua, wakajipanga kwenye uwanja uleule wa shule, lakini safari hii hapakuwa na picha mbele, palikuwa na mlango tu. Ndani ya mlango kulikuwa na makarani, na nyuma ya makarani pazia, na nyuma ya pazia mtu na kalamu yake. Baadhi ya wazee walikuwa wamevaa suti za harusi zao.

Masanduku yalichelewa. Jua lilipanda, mlolongo ukakaa chini, ukasimama, ukaimba, ukanyamaza. Ulipoanza kusogea, Beldina, aliyekuwa mbele ya Zadock, alitoka kumpeleka Lornah kivulini kwa sababu mtoto alikuwa amepata kizunguzungu. Alipotoka, Zadock aliona wazi mgongo uliokuwa mbele ya mkewe, ule ambao Beldina alikuwa amemkinga nao tangu alfajiri. Ulikuwa umeinama zaidi. Kitambaa cha kichwa kilikuwa kilekile, kimepauka. Awuor sasa alikuwa amejiandikisha mjini, na kadi yake ya kura alikuwa ameishika mkononi waziwazi, hata pale ambapo hakuna aliyeiulizia.

Zadock akasimama pale pale alipokuwa. Mlolongo wa mbele ukasogea. Mwanya ukafunguka, wa mtu mmoja, kisha wa watu wawili.

"Songa, mzee!" sauti zikaanza nyuma. "Kwani umelala? Songa!"

Hakusonga.

"Wewe, watu wengine wataingia hapo!" Aliyekuwa nyuma yake hasa alimgusa mgongoni. "Nafasi hiyo mbele yako unamwekea nani?" Zadock aligeuka, na yule mtu akarudisha mkono. Alikuwa amekonda, na koti lake zuri la zamani lilikuwa limemzidi mabegani. Chama kilikuwa kimemtema mwaka uliopita kwa sababu ambazo hakuna aliyezijali.

"Oketch," Wakoli alisema.

"Bwana Wakoli."

Walitazamana. Nyuma yao watu walikuwa wakilalamika. Wakoli alitazama mwanya, akamtazama Zadock, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyewahi kupita mahali fulani na hakumbuki lini.

"Songa basi," alisema, si kwa ukali.

"Siwezi. Huyo mbele ni mama mkwe wangu."

Wakoli alimtazama yule mzee aliyejivutia lesso mabegani. Akatazama uwanja, mahali ambapo dawati lilikuwa siku ile, na ua ambapo wanaume walikuwa wamesimama.

"Ni yule," alisema hatimaye. "Siku ile. Ile mwanya."

"Ndiye."

"Kwa nini hukusema? Mimi pia nina mkwe. Kwetu mtu hata jina lake hataji. Ningeelewa."

"Ungeelewa," Zadock alisema. "Halafu ungeitisha kadi yake."

Wakoli alitazama kadi iliyokuwa mkononi mwa Awuor. "Ningeitisha," alisema.

Kijana mmoja mwenye kofia alikuwa amechoka kungoja. Aliruka kutoka pembeni, akitaka kujitia kwenye ile nafasi, na mkono wa Wakoli ukanyooka ukamzuia kifuani.

"Rudi nyuma."

"Lakini hapo hakuna mtu!"

"Nimesema rudi nyuma. Hapo kuna mtu."

Kijana alitazama ile nafasi tupu, akamtazama Wakoli, akarudi akinung'unika. Mlangoni karani aliita anayefuata. Awuor akasonga hatua moja, Zadock naye akasonga hatua moja, na mwanya ukaenda nao vilevile ulivyokuwa, Wakoli akiufuata nyuma na mkono wake bado ameunyoosha.